Serikali ikichafua ziwa, nani wa kuibana?

Naishi Worcester, Uingereza, mji unaopitiwa na mto Severn. Nyumbani Tanzania wengi wanadhani mito ya huku unaweza kuchota ukanywa. Wapi! Mabomba ya zamani yanabeba maji ya vyooni pamoja na ya mvua; mvua ikizidi, yanafurika na kumwagwa mtoni.

Kwa hiyo usafi wa Wazungu sitausifia. Ninachokionea wivu ni ofisi moja iliyopo hapahapa mjini, Office for Environmental Protection (yaani Ofisi ya Ulinzi wa Mazingira), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2021. Hii haikimbizani na wenye viwanda, inaibana serikali yenyewe. Umelalamika kwa idara husika hukuridhika? Unawaandikia, bila malipo. Desemba 2024 ilitamka kwamba wizara ya mazingira, wakala wa mazingira na mdhibiti wa huduma za maji, wote watatu, walikiuka sheria kwenye hayohayo maji taka. Faini haitozi, na mwenyekiti wake anateuliwa na waziri wa wizara hiyohiyo (wapo wanaolikosoa hilo). Lakini iliwataja.

Sasa njoo Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Masika yakichanganya, chupa, pampasi na vya vyooni vinateremka na mitaro hadi ziwani, karibu kabisa na dagaa walioanikwa mchangani. Nilimuuliza mama mdogo, ambaye kazi yake ni hiyo ya kuanika, kwa nini hawashitaki. Akasema, "Nimshitaki nani, baba? Na kwa nani?"

NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, tunayo, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 iliipa meno. Ila iko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na Mkurugenzi Mkuu wake huteuliwa na Rais. Mchafuzi akiwa mwenye baa au kiwanda, sawa. Akiwa chombo cha serikali, hapo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Kuifanya mamlaka badala ya baraza kumezungumzwa miaka mingi; kwangu jina si hoja. Hoja ni nani anateua na nani anatoa fedha. Bunge limthibitishe bosi wake, na malalamiko yapokelewe hukohuko Kigoma, mwisho wa reli.

Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Mvuvi akaambiwa avumilie. Anayeacha mitaro imwage uchafu kwenye mazalia hayohayo, yeye aliambiwa nini?