Ngumi nzito: mkono au mguu?

Hamali anayesukuma mkokoteni wa viazi kutoka Marikiti hapigi kazi kwa mikono. Mikono ameikaza tu, kifua amekilaza mbele, na vidole vya miguu ndivyo vinavyochimba lami. Akiteleza, mkokoteni unasimama hapo hapo, awe na misuli ya namna gani. Vijana wengi wa Mombasa wamewaona mahamali hao tangu utotoni, lakini wakiingia kwenye ndondi au karate huamini kwamba uzito wa ngumi umo mkononi.

Imani hiyo ina watetezi wenye hoja. Kijana aliyenyanyua vyuma vya saruji iliyomiminwa kwenye makopo kwa miezi 6 hulisogeza begi la ngumi zaidi kuliko zamani, na anajionea mwenyewe. Makocha nao husema kwamba mwanagenzi ukimchezesha hatua miezi mitatu bila kumvisha glovu, harudi tena. Na mkibanana kifua kwa kifua ulingoni, nafasi ya kuzungusha nyonga ni finyu, mwenye mabega yenye nguvu ndiye anayefaidi. Yote hayo ni kweli.

Ila tumwangalie bondia Robert Wangila, aliyemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na kuiletea Kenya dhahabu. Uzito wake haukupita kilo 67. Mkono mzima wa binadamu ni takriban asilimia 5 ya mwili, yaani kwa mtu wa kilo 67 ni kilo 3 na ushei. Kilo 3 peke yake hazimlazi mwanamume mwenye uzito kama wake. Lazima kuna mwili nyuma yake.

Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya Filimonov na wenzake wa Muungano wa Kisovieti, waliopima ngumi za moja kwa moja za mabondia 120. Waliigawa nguvu katika mafungu matatu: msukumo wa mguu, mzunguko wa kiwiliwili na kunyooka kwa mkono. Kwa mabondia wa daraja la juu, mguu ulichangia asilimia 38.5, kiwiliwili 37.4 na mkono 24.1. Kwa wale wa madaraja ya chini, mguu ulichangia 16.5 tu, kiwiliwili 45.5 na mkono 38.

Wengi wakizisoma takwimu hizi husema, basi mkono ni robo tu, na kufunga kitabu. Ni haraka mno, kwa sababu hayo ni mafungu ya jumla, na jumla zenyewe hazilingani. Mwaka 2000, Smith na wenzake nchini Uingereza walipima ngumi ya mkono wa nyuma: wanagenzi walipata wastani wa nyutoni (kipimo cha nguvu) 2,381, mabondia mahodari 4,800. Chukua mafungu ya Filimonov uyapige kwa jumla hizi. Mkono wa mwanagenzi unatoa kama nyutoni 905, wa hodari 1,157. Mguu wa mwanagenzi unatoa 393, wa hodari 1,848. Mkono umeongezeka kwa robo na kidogo, mguu umeongezeka zaidi ya mara nne na nusu! Watu waliopimwa ni tofauti na vipimo ni tofauti, kwa hiyo hesabu hii ni mfano wala si kipimo. Tena mtu aweza kusema kwamba mahodari walikuwa na nguvu zaidi mwili mzima kabla hata ya kufundishwa hatua. Ni pingamizi la haki. Lakini kama ingekuwa ni nguvu za jumla peke yake, mafungu yangebaki vilevile na jumla ndiyo ingepanda. Kilichobadilika ni mgawanyo wenyewe, na mgawanyo ni suala la ufundi.

Ufundi huo ndio huu. Sehemu ya mbele ya wayo wa nyuma inaisukuma sakafu, sakafu inaurudisha msukumo. Goti linaingia ndani, nyonga inafuata, kisha bega, kiwiko, na ngumi mwisho kabisa. Mguu wa mbele, ambao wengi huusahau, ni breki: ukikanyaga na kukaza, nusu ya chini ya mwili inasita ghafla na kasi inahamia juu.

Makosa nayo yanajulikana. Nyayo zikiwa kwenye mstari mmoja, nyonga inajifunga. Ziache upana wa mabega, na wa nyuma uelekee nje kwa nyuzi 45 hivi. Hatua ikizidi nusu ya urefu wa wayo, mguu wa nyuma unaburutwa na haubaki na kitu cha kusukuma. Kosa kubwa kuliko yote ni kisigino cha mapambo. Kijana ameambiwa ageuze kisigino, basi anakizungusha kama anayezima kipande cha sigara, na uzito haumo. Mtandikie kipande cha gunia chini ya wayo huo kwenye saruji, apige polepole: akisukuma, gunia linateleza kwenda nyuma, akizungusha tu, linajikunja.

Hapa kwetu kuna jambo la mchanga. Mazoezi ya ufuo wa Pirates ni mazuri kwa pumzi na kwa misuli ya chini ya goti, lakini mchanga mkavu unaumeza msukumo kabla haujapanda, na mwili unajifunza kupiga bila kuutegemea mguu. Anayetaka kufanyia ngumi ufuoni asubiri maji kupwa ashuke kwenye mchanga mbichi ulio mgumu.

Watetezi wa mkono wana jambo moja wasilopewa sifa ya kutosha. Mwaka 2010 mtafiti Stuart McGill na wenzake walionyesha kwamba misuli ya wapiganaji mahodari hukaza mara mbili: mwanzo wa pigo, kisha inalegea ili kasi ije, na inakaza tena wakati wa kugusa. Kifundo cha mkono kikilegea wakati huo, kazi yote ya mguu inapotea hapo, na pengine kifundo kinateguka. Vyuma vina nafasi yake.

Kuhusu mwanagenzi asiyerudi, kocha ana haki, na dawa si kumnyima begi. Avae glovu siku ya kwanza, apige raundi tatu za dakika mbili mbili: ya kwanza ameketi kwenye benchi, miguu juu juu, ya pili amesimama, magoti yamenyooka, ya tatu magoti yamekunjwa na wayo wa nyuma unasukuma. Asiambiwe kitu. Asikilize mnyororo wa begi tu, raundi ya kwanza na ya tatu.