Anwani mpya, kitambulisho cha zamani

Katika usumbufu wote wa kuhama nyumba, hakuna kinachoniudhi kama kubadilisha anwani kwenye kitambulisho. Ofisi husika hudai uthibitisho wa makazi, kwa mfano bili ya umeme au taarifa ya benki, ilhali bili ya mpangaji mara nyingi ina jina la mwenye nyumba, na benki nayo inaweza kukataa kubadilisha anwani mpaka ioneshwe kitambulisho hichohicho kinachosubiri uthibitisho wake. Wakati huo barua muhimu, zikiwemo za kodi na za mahakama, huendelea kupelekwa kwenye nyumba ya zamani. Wanaoumia zaidi ni wapangaji, maana ndio wanaohama mara kwa mara. Mkataba wa upangaji uliotiwa saini ungepaswa kutosha, na taarifa moja ingesahihisha pia leseni ya udereva na daftari la wapiga kura.