Kumhamisha ndege ni kumwokoa, lakini si kila kitu

Mwaka 1968 ndege wa spishi ya Acrocephalus sechellensis, ndege mdogo mla wadudu, waliobaki duniani hawakufika hata 30, wote kwenye kisiwa kimoja cha Shelisheli, Cousin, chenye hekta 29 tu. Leo wanaishi visiwa vitano, kwa sababu watu waliwakamata na kuwahamisha: 29 kwenda Aride mwaka 1988, wengine 29 Cousine (kisiwa kingine, si Cousin) mwaka 1990, 58 Denis mwaka 2004 na 59 Frégate mwaka 2011.

Wanaounga mkono uhamishaji wana hoja nzito. Ndege huyu mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye gramu 15 hivi, ni nadra sana kuvuka bahari, hata kisiwa cha pili kikiwa karibu. Panya wakishuka Cousin kutoka boti moja, hana pa kukimbilia. Tena Cousin palishajaa. Majike wengi wachanga hukosa eneo lao, hubaki kwa wazazi wakisaidia kulisha kinda, ambaye kwa kawaida ni mmoja tu. Waliopelekwa Aride, kwenye wadudu tele, walizaliana mwaka mzima, na nafasi walizoacha Cousin zilijazwa upesi.

Wenye shaka nao husema kila kundi jipya huanzishwa na wachache, na baadhi ya vinasaba hupotea njiani. Ni kweli, na hasara hiyo inauma zaidi kwa spishi hii, kwani vielelezo vya kale vya makumbusho vinaonyesha ilishapoteza sehemu ya utofauti wake zamani. Ndiyo maana Denis na Frégate walipelekwa karibu mara mbili ya wale wa mwanzo. Aidha, visiwa hivyo viwili ni vya binafsi, vyenye hoteli za kitalii. Usalama wa ndege unategemea mmiliki ataendelea kuzuia panya au la.

Mimi naunga mkono uhamishaji, ila naona pande zote mbili zinasahau msitu. Cousin ilikuwa shamba la minazi. Iliponunuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya uhifadhi, miti ya asili iliachwa irudi, na ndege wakafikia takriban 300 kabla hata mmoja hajahamishwa. Chakula chake ni wadudu anaowadonoa chini ya majani. Majani yakikosekana, boti ya kumhamisha haitamfaa kitu.

Kwa hiyo mwaka 2015 aliposhushwa daraja la hatari ya kutoweka hadi “karibu kutishiwa”, nilifurahi, lakini nawapinga wanaosema kazi imekwisha. Kabla ya kufikiria kisiwa cha sita, fedha ziende kwanza kwenye upandaji wa miti ya asili na ukaguzi wa kila mzigo unaoshushwa kwenye visiwa hivi vitano.