Yoga haitibu rovu, lakini ina kazi yake

Mwanamke wa Mbeya mjini akilalamika kwamba hedhi imepotea, uzito unaongezeka au usingizi hauji, jibu la haraka ni lile lile: homoni zimevurugika. Zamani baada ya jibu hilo ilifuata chupa ya mitishamba. Sasa inafuata video ya simu: keti wima, pumua polepole, fanya yoga kila asubuhi, homoni zitakaa sawa. Ushauri huu una ukweli ndani yake, ila umebebeshwa mzigo usio wake.

Nguvu yake iko kwenye msongo wa mawazo. Mtu akiwa na hofu, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli. Homoni hiyo tunaihitaji. Hupanda alfajiri ikatuamsha, hushuka usiku tukalala. Inapobaki juu kwa muda mrefu, kwa sababu ya marejesho ya mkopo au mgonjwa nyumbani, sukari ya damu hupanda, usingizi hukatika, na msongo ukizidi hata hedhi huweza kuyumba. Kupumua taratibu hulegeza amri ile ya ubongo.

Kuna utafiti wa Andhra Pradesh, India, uliochukua wasichana 90 wa miaka 15 hadi 18 wenye PCOS, ule ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari. Kundi moja lilifanya yoga, jingine mazoezi ya kawaida, kwa wiki 12. Wa yoga walipata nafuu zaidi, testosteroni, ile homoni ya kiume, ikiwa mojawapo ya homoni zilizoshuka, na hedhi zao zikaja mara nyingi zaidi. Inatia moyo. Ila hao ni wanafunzi wenye ratiba, si mama lishe wa Mwanjelwa anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 kwa wanawake waliokuwa katika kipindi cha kukoma hedhi ndio ninaouamini zaidi, maana haukuja na habari njema tupu. Baada ya wiki 12 za yoga usingizi uliboreka, lakini lile joto la ghafla halikupungua kuliko kwa wenzao ambao hawakufanya.

Huku kwetu kuna jambo ambalo video hizo haziligusi. Mvua ya miaka na miaka imeosha madini joto kwenye udongo wa milima hii, na bila madini hayo tezi ya thairoidi iliyo shingoni haiwezi kutengeneza homoni zake, ndiyo maana wazee wa Mbeya, Iringa na Rukwa wanakumbuka rovu, ule uvimbe wa tezi hiyo, likiwa jambo la kawaida. Miaka ya 1980 vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 ikatakiwa chumvi itiwe madini hayo. Sijui kama kuna hatua nyingine iliyotengeneza homoni za watu wengi hivyo Nyanda za Juu Kusini, na ilipitia kwenye chumvi ya mboga. Leo anatokea mtu anafundisha kwamba ukisimama kwa mabega, kidevu kikabana shingo, tezi ya thairoidi "inaamka". Ushahidi wa maana wa dai hilo haupo, na kwa mwenye shinikizo la damu mkao huo ni wa hatari. Shingo ikivimba, uchovu usipoisha au moyo ukienda mbio, nenda kapime kwanza TSH, homoni ya damuni inayoonyesha kama thairoidi inafanya kazi sawasawa.

Wapo wanaosema, "Sisi tunalima, yoga ya nini?" Wana hoja. Mchuma chai wa Mufindi hakosi mazoezi, anakosa kupumzika. Kumwongezea saa nzima ya kujinyoosha kwenye baridi ya Julai ni kumtesa. Dakika kumi za kupumua kabla ya kulala zinamtosha. Karani na dereva wa bodaboda, wanaokaa kutwa, habari yao ni nyingine.

Hoja ya kanisa, kwamba yoga ni ibada ya dini nyingine, nayo siidharau. Yoga ilizaliwa ndani ya dini za India, na baadhi ya maneno yanayotamkwa humo ni sala. Lakini mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka mantra za yoga, yaani maneno yale ya kurudiarudia. Kote kuwili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mwili ukadhibiti msukumo wa damu vizuri zaidi. Kwa hiyo bibi wa Tosamaganga anayesali rozari jioni bila haraka ameshafanya nusu ya darasa. Imebaki kunyoosha mgongo, na hilo sioni mchungaji atalikemea kwa andiko gani.