Majibu Yetu Huenda Wapi?

Wiki iliyopita nilimkuta shangazi yangu kwetu Busia, magharibi mwa Kenya, amekaa mkekani, ungo wa maharagwe kando, akimjibu kijana wa utafiti mwenye tableti. Jana mlikula nini? Mna kuku wangapi? Paa ni la mabati au nyasi? Saa mbili nzima. Kijana alipoondoka, shangazi akaniuliza: "Mwanangu, wale wa mwaka juzi waliouliza haya haya, waligundua nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo nimekereka.

Siupingi utafiti. Bila kupima, tungebaki na picha za kina mama wanaotabasamu, tukiziita ushahidi. Hapa hapa Busia na Teso, mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada. Wengi walitarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza darasani tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Mzazi yeyote wa Nambale angeweza kulisema hilo. Lakini nakubali, shingo upande, kwamba asingesikilizwa bila takwimu.

Hata bahati nasibu ya kuamua nani apewe na nani akose, ambayo watu huilalamikia sana, naona ni afadhali kuliko orodha ya jamaa za mzee wa kijiji.

Kinachoniuma ni kimya kinachofuata. Jirani zetu wa Siaya walishiriki utafiti wa vijiji 653. GiveDirectly, shirika linalowapa maskini pesa taslimu, iligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini katika baadhi ya vijiji, vingine vikakosa. Ikaonekana kwamba kila dola ilizaa karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, na hata kaya zilizokosa zilinufaika. Habari njema kabisa! Mama aliyekosa anastahili kuelezwa, tena kwa Kijaluo, ana kwa ana, kwa sababu maisha yaliyopimwa ni yake.

Ninachodai ni alasiri moja tu kwenye baraza la chifu. Watafiti, mje mseme mlichopata, hata kama mradi ulifeli, mtuache tubishane nanyi. Pengine tutawaonyesha mlipokosea kuuliza. Bajeti iliyonunua tableti haiwezi kushindwa na nauli ya siku hiyo.

Kijana alisema atarudi baada ya miezi sita. Shangazi amesema safari hiyo ataanza yeye kuuliza.