Taa Isije Ikageuka Njano

Mimi naishi Uyole, Mbeya, ila mwajiri wangu yuko Dar es Salaam. Nikiamka, hatua sita niko ofisini: meza ya kulia chakula, upande ambao haujamwagikiwa uji. Kuna wanaonionea wivu. Majirani zangu hawamo, wao wananihurumia, maana wanajua sina kazi. Mama wa maandazi pale kona aliniuliza kwa upole kabisa kama nimejaribu kuomba kibarua cha kupakia viazi.

Kazi ninayo. Nalinganisha ankara na risiti. Tatizo siku hizi ni kuithibitisha.

Mwezi wa tatu walituwekea programu kwenye laptopu. Ukiwasha tu, pembeni inawaka taa ya kijani. Usipogusa kipanya wala kibodi dakika tano, inageuka njano. Dakika kumi, nyekundu, na bosi anaiona hukohuko Dar. Katikati inapiga picha za skrini bila hodi. Jioni inakupa asilimia, mtu mzima na ndevu zangu, kama niko darasa la tatu.

Aliyeitengeneza hajawahi kukaa Mbeya mwezi Julai. Huku Julai mtu anaandika neno moja, anaingiza vidole kwapani, anasubiri damu irudi, ndipo anaandika la pili. Chai ukiimimina saa mbili na robo, saa mbili na nusu imekuwa maji ya kisima. Programu haijui baridi. Inajua kwamba sijagusa kitu.

Na kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe haiko kwenye kipanya. Baadhi ya ankara zinakuja zimeandikwa kwa mkono, mwandiko wa mtu aliyekuwa juu ya pikipiki. Nazichapa, nazitandaza mezani, nashika kalamu na kikokotoo. Hapo ndipo kazi inapofanyika, na hapohapo ndipo taa inapogeuka njano. Basi mkono wa kulia unakagua, wa kushoto unatikisa kipanya, kama mama anayesonga ugali huku anabembeleza mtoto mgongoni. Siku niliyogundua tumedaiwa 1,840,000 mara mbili kwa mzigo mmoja, nilipata asilimia 43.

Nisijifanye malaika, lakini. Msimu mmoja wa parachichi niliingia kwenye kikao cha Zoom, kamera nimezima, huku nahesabu kreti na dalali uani. Maikrofoni nilisahau kuizima. Bosi yuko katikati ya bajeti, kikao kizima kikasikia sauti yangu: "Hizo zilizobonyea usiniwekee!" Kwa hiyo bosi akiwa na wasiwasi simlaumu sana. Mwaka 2022 Microsoft waliuliza watu 20,000 katika nchi 11 habari za kufanya kazi nusu nyumbani nusu ofisini. Asilimia 87 ya wafanyakazi wakasema wanapiga kazi vizuri tu, asilimia 85 ya viongozi wakasema mpangilio huo umewapa shida kuamini kama kazi inafanyika. Ni ndoa hiyo, tena ya miaka kumi na tano.

Babu yangu alichuma chai Rungwe. Jioni kapu linapanda kwenye mizani, kilo zinaandikwa, kwisha habari. Hakuna aliyehesabu kainama mara ngapi au kasimama kujikuna. Ukimwuliza alivyoaminiwa, anacheka mpaka anakohoa, kisha anakuambia majani yakilowa kidogo yanakuwa mazito. Sawa, babu naye si shahidi mzuri. Lakini angalau walimwibia na aliwaibia kwa kitu kinachopimika.

Nilijaribu njia za kisheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mtu anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anazikusanyia nini. Nikampigia dada wa rasilimali watu nikiwa na sauti ya wakili. Akanijibu, "Kaka, ulielezwa. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya saini yako." Nikamshukuru, nikakata simu.

Wajanja wakanifundisha nilaze kipanya juu ya saa ya mkononi, ule mshale wa sekunde ukipita kinadhani kimesogezwa. Nikaogopa. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo kule Marekani ilifukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kuigiza kwamba wanatumia kibodi. Hao wana benki nzima ya kuwafukuza, mimi nafukuzwa na jedwali.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi. Asubuhi hiyo nina ankara sitini na mbili za kukagua, kwa kalamu, kabla ya saa kumi. Nikamwona amekaa kwenye kiti, mikono imetulia, ametafuta maharage ya kuchambua akakosa. Nikajikaza. "Mama, naomba msaada. Ushike hiki, ukitembeze polepole, usikiache kikalala."

Hakuuliza kitu. Alijifunga khanga vizuri, akakishika kwa vidole vitatu kama kifaranga, akaanza. Saa moja, mbili, tatu. Mke wangu akimletea chai anakihamishia mkono wa kushoto, hakiachi. Saa nane mchana ndipo akasema, bila kunitazama:

"Baba, hii ndiyo ile kazi uliyoisomea mpaka chuo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ndaga." Ni asante ya Kinyakyusa hiyo. Akaendelea kutembeza.

Siku hiyo tulipata asilimia 98. Bosi akaandika kwenye kundi la wafanyakazi wote kwamba wengine waige mfano wa Mbeya. Mama mkwe alikaa nasi siku tisa, zote za kijani. Jumamosi nikamsindikiza kituoni Uyole, akapanda Coaster, akarudi zake kwenye migomba.

Jumatatu nikapata 51. Jumanne 46. Jumatano bosi akapiga, sauti ya chini, ya huruma. "Umeshuka ghafla sana. Nyumbani kuna tatizo?"

Uongo sikuuzoea. Nikasema, "Ni kweli, bosi. Mama mkwe ameondoka."

Akanyamaza. "Pole sana," akasema. "Mungu amlaze mahali pema. Pumzika hata siku tatu, taa tutaizima." Kabla sijafungua mdomo kusahihisha, alikuwa amekata.

Mpaka jioni wenzangu wa Dar wametuma rambirambi, jumla 85,000 iko kwenye simu, siigusi wala siirudishi. Na marehemu kapiga sasa hivi kutoka Tukuyu, anataka kujua kile kidude siku hizi kinatembezwa na nani.