Hodi ni mara tatu

Tangu wiki iliyopita kuna picha inazunguka kwenye simu za wapenda ndege: bundi wa Pemba, kakodoa macho ya manjano, kajitutumua, manyoya yanahesabika mmoja mmoja. Mashaallah zimemiminika. Mimi sikutia neno, kwa sababu nilikuwepo. Nilisimama hatua nne kutoka kwa aliyeipiga, ndani ya msitu wa Ngezi, na najua yule bundi alikodoa kwa nini.

Tulikuwa sita pamoja na mtembezaji. Mwenzetu mmoja, simtaji, yeye na lenzi yake ya bei ya bodaboda mbili, alitoa mfukoni spika ndogo, zile za kwenda nazo ufukweni, akaiunganisha na simu, akacheza sauti ya bundi iliyorekodiwa. "Hu." Kimya. "Hu." Haikupita dakika tano bundi akaitika, mbali. Kidogo tena akawa juu ya vichwa vyetu. Ungedhani basi, shughuli imekwisha. Haikwisha, maana kulikuwa na kijitawi kimemkata kifuani na picha ingeharibika! Spika ikaendelea. Bundi akahama mti huu, akahama ule, tochi inamfuata. Akaja na wa pili, sauti yake tofauti kidogo. Nyumba nzima imeamshwa. Nilipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita na mtu bado anasema, "Mara moja tu ya mwisho."

Sisi watu wa pwani tumelelewa na jambo hili kabla hatujajua kuvaa viatu. Unapiga hodi. Kimya, unapiga ya pili. Ya tatu ikikosa jibu unageuza njia, hata kama unamwona mwenyewe dirishani. Hata mdai anageuza. Sasa watu hawahawa, wanaojua kuvua viatu kizingitini, ukiwapa kamera wanasahau adabu yote kwenye gari la Konde, mji wa jirani na msitu.

Tena nimeikosea hodi heshima yake. Ile spika haibishi hodi. Bundi akisema "hu" anawaambia bundi wenzake: hapa pana mwenyewe. Basi unapomchezea sauti hiyo chini ya mti wake, ni sawa na mtu aingie uani kwako saa nne za usiku apaze sauti kwamba nyumba hii na mke huyu ni vyake. Utatoka au hutatoka? Utatoka, na shuka lako kiunoni. Na ukitoka utakodoa macho kama yule wa kwenye picha. Ile mnayoisifia "ametulia vizuri" ni ghadhabu, jamani. Au hofu. Muda wote huo hali kitu, maana usiku ndio saa yake ya kukamata wadudu. Kesho yake wanakuja wageni wengine na spika nyingine, mti uleule, kwa sababu mtembezaji ameshaujua kuwa mti ule "hausumbui".

Nikilisema hili naambiwa wako wengi. Wengi wapi? Duniani pote yuko Pemba tu, na Pemba yenyewe kutoka kusini hadi kaskazini haifiki kilomita 70. Mimi ni wa Tanga. Mkondo unaotutenga na Pemba una kina cha mita 800 hivi, na ndio uliomlea huyu bundi peke yake, yeye na ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, na chozi wa Pemba, na kile kindege cha manjano chenye pete nyeupe machoni. Unguja juzi tu, kwa hesabu za wanajiolojia, ilikuwa imeshikana na Bara, ndiyo maana haina ndege wa kujitapia kama hawa. (Waunguja msinune, mna kima punju.)

Haya, najua mtakayosema. Mtembezaji anakula kwa kazi hii, na mgeni asiyepata picha anakuwa mzito wa bakshishi. Kweli. Wanaohesabu bundi kwa ajili ya uhifadhi nao hutumia sauti. Kweli pia, kwa kipimo, wakaandika na kuondoka. Hata mtu akiicheza mara mbili tatu za sekunde chache, akanyamaza, sitamlilia. Nimekubali, tuendelee.

Wapo maadui wakubwa kuliko spika, wala sibishi: mikarafuu mizee inakatwa, na kunguru aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 bado anakula makinda ya wenzake pwani nzima. Ila kunguru hajiiti mpenda ndege.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule mtembezaji hakuhitaji spika kabisa. Mchana wake alitusimamisha njiani, akainua kidole, akasema, "Ninga." Sikuona kitu. Majani matupu. Akasema, "Tazama jani linalotafuna." Kweli, jani moja la kijani lilikuwa linatafuna tunda, likageuza shingo likatuangalia. Mtu wa macho kama hayo unamlipa ashike tochi na kuchaji spika?

Asubuhi tulirudi Konde kwa bi mkubwa tuliyefikia kwake. Alikuwa anatandaza karafuu juu ya jamvi, vidole vimemgeuka rangi, akatuuliza usiku mzima tulikuwa wapi.

"Ngezi, bibi. Tulikwenda kumtafuta bundi."

"Ngezi! Na huyu wa hapa mmemwachia nani?"

Akaonyesha kwa kidevu mkarafuu wa nyuma ya jiko. Akatuambia yuko hapo miaka, na kijana wake humtupia jiwe akilia, eti analeta msiba. "Nikamwambia mwache, huyo si wa uchawi, huyo wa shamba."

Wenzangu walikwenda kulala. Jioni, baada ya magharibi, nilikaa kwenye kibao cha mbuzi pale jikoni, tochi nimeizima, mbu wananila bila huruma. Hakuja. Ilipoadhiniwa isha nilikuwa nanyanyuka kumbe yuko, tawi la chini kabisa, mdogo hazidi shubiri, rangi ya kutu, anajikuna sikio kwa ukucha. Sikumwashia taa. Alijikuna akamaliza, akasema "hu" yake moja, si kwa ajili yangu, akaondoka.

Picha ninayo. Imetikisika, nusu yake ni jani la mkarafuu na kona ya sufuria. Sijaituma popote.